Asilimia ya Nini? Kupima Deni la Shahada ya Hisabati kwa Hesabu za Shule ya Msingi

Utangulizi

Walimu-wanafunzi wanapokaribia kumaliza kozi, swali moja hurudi tena na tena: je, yafaa kuendelea na masomo ya shahada ya Hisabati kwa mkopo, au ni afadhali kuanza kazi mara moja? Swali hilo hilo wataulizwa baadaye wakiwa vijijini, na wazazi wa watoto waliofaulu vizuri somo la Hisabati. Mwalimu wa shule ya msingi mara nyingi ndiye mtu pekee aliye karibu ambaye mzazi anaamini kuwa anazijua habari za masomo ya juu.

Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni ya namna mbili. Wapo wanaosema kuwa elimu haina bei, kwa hiyo kijana akope bila kuangalia nyuma. Wapo pia wanaokumbusha kuwa kukopa ni harusi na kulipa ni matanga, kwa hiyo kijana akae mbali na deni. Majibu yote mawili yana hekima yake, lakini yote mawili hayana tarakimu hata moja. Ni ajabu kidogo kuwa swali linalohusu shahada ya Hisabati hujibiwa bila hesabu.

Shabaha ya makala hii ni kuonyesha kuwa hesabu zinazohitajika ni zile tunazozifundisha katika madarasa ya juu ya shule ya msingi: asilimia, kuzidisha, kugawanya na kupanga tarakimu katika jedwali. Tutauliza maswali matatu kwa mpango: asilimia ya nini, kwa muda gani, na badala ya nini. Kisha tutaeleza jinsi mada hii inavyoweza kufundishwa darasani.

Mambo ya Kujua Kwanza

Nchini Tanzania mikopo ya elimu ya juu husimamiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mkopo unaweza kugharimia ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, na mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi si lazima apewe vyote, wala apewe kwa ukamilifu.

Mkopaji akiajiriwa, mwajiri hukata sehemu ya mshahara wake kila mwezi na kuipeleka Bodi. Hapo awali kiwango cha makato kilikuwa asilimia 8. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalikipandisha hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aidha, kwa miaka kadhaa baki la deni lilitozwa asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya mkopo. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kutangaza uamuzi huo katika sherehe za Mei Mosi mjini Mwanza.

Katika makala hii tutatumia tarakimu za mfano, zilizochaguliwa ili ziwe nyepesi ubaoni. Mkopaji wetu ana deni la Sh. 12,000,000 na mshahara wa msingi wa Sh. 800,000 kwa mwezi. Tutachukulia kuwa mshahara haupandi. Msomaji anayetaka kujipima mwenyewe aweke tarakimu zake mahali pa hizi. Njia ni ile ile.

Swali la Kwanza: Asilimia ya Nini?

Kosa kubwa katika mada ya asilimia ni kuitaja asilimia peke yake kana kwamba ni kiasi kamili. Asilimia 15 haina thamani yoyote mpaka tujue ni asilimia 15 ya kitu gani. Tukimwambia mwanafunzi kuwa mkopaji hukatwa asilimia 15, wengi watachukua asilimia 15 ya deni, yaani Sh. 1,800,000. Hesabu yenyewe ni sahihi, lakini kitu kilichohesabiwa sicho. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi:

15/100 × 800,000 = Sh. 120,000 kwa mwezi.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kiasi cha makato ya kila mwezi hakitegemei ukubwa wa deni. Mwenye deni la milioni 5 na mwenye deni la milioni 20, wakiwa na mshahara mmoja, hukatwa sawasawa. Ukubwa wa deni huamua ni lini makato yatakoma.

Ili wanafunzi waone uzito wa neno "ya nini", yafaa kuwapa utaratibu wa nchi nyingine wa kulinganisha. Katika England, wanafunzi walioanza shahada ya kwanza kuanzia Agosti 2023 waliwekewa masharti kuwa watalipa asilimia 9, lakini si ya mshahara wote. Ni asilimia 9 ya ile sehemu tu inayozidi kiwango maalumu, na kiwango hicho wakati huo kiliwekwa kuwa pauni 25,000 kwa mwaka. Anayepata pauni 25,000 halipi kitu. Anayepata pauni 30,000 hulipa asilimia 9 ya pauni 5,000, yaani pauni 450 kwa mwaka.

Sasa tuchukue wazo hilo tuliweke katika mfano wetu. Kama mkopaji mwenye mshahara wa Sh. 800,000 angekatwa asilimia 15 ya sehemu inayozidi Sh. 600,000 tu, makato yake yangekuwa asilimia 15 ya Sh. 200,000, yaani Sh. 30,000. Asilimia ni ile ile 15, lakini makato yamekuwa robo ya yale ya kwanza, kwa kuwa kizio cha asilimia kimebadilika. Hatusemi kuwa utaratibu mmoja ni bora kuliko mwingine. Wa England una riba, na muda wake unaweza kufika miaka 40 kabla deni halijafutwa. Tunalosema ni kwamba asiyeuliza "ya nini" hawezi kulinganisha chochote.

Kosa jingine lahusu mabadiliko ya asilimia. Makato yalipotoka asilimia 8 kufika asilimia 15, wengi walisema kuwa yameongezeka kwa asilimia 7. Tuhesabu. Asilimia 8 ya Sh. 800,000 ni Sh. 64,000; asilimia 15 ni Sh. 120,000. Nyongeza ni Sh. 56,000. Ukilinganisha nyongeza hiyo na makato ya zamani:

56,000/64,000 × 100 = asilimia 87.5.

Kwa hiyo makato hayakuongezeka kwa asilimia 7 ya yalivyokuwa, bali yalikaribia kuwa maradufu. Namba 7 ni tofauti kati ya viwango viwili. Namba 87.5 ndiyo inayoeleza jinsi mfuko wa mkopaji ulivyoguswa.

Swali la Pili: Kwa Muda Gani?

Mkopaji wetu hulipa Sh. 120,000 kwa mwezi. Deni la Sh. 12,000,000 likigawanywa kwa Sh. 120,000 tunapata miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4. Hesabu hii ni ya deni lisiloongezeka.

Ili kuelewa maana ya kuondolewa kwa ile tozo ya asilimia 6, tuhesabu tena kama ingekuwapo, tukiitoza mara moja kwa mwaka juu ya baki la deni. Kwa mwaka mkopaji hulipa 120,000 × 12 = Sh. 1,440,000.

Mwaka wa 1: deni 12,000,000, tozo 720,000, malipo 1,440,000, baki 11,280,000.
Mwaka wa 2: deni 11,280,000, tozo 676,800, malipo 1,440,000, baki 10,516,800.
Mwaka wa 3: deni 10,516,800, tozo 631,008, malipo 1,440,000, baki 9,707,808.

Mwaka wa kwanza nusu nzima ya malipo imekwenda kwenye tozo. Mwenye subira ya kuendeleza jedwali hili ataona kuwa deni linakwisha katika mwaka wa 12, badala ya mwaka wa 9.

Sasa turudi kwenye makato ya zamani ya asilimia 8, tozo ikiwapo. Malipo ya mwaka ni 64,000 × 12 = Sh. 768,000. Tozo ya mwaka wa kwanza ni Sh. 720,000. Deni limepungua kwa Sh. 48,000 tu! Baada ya miaka mitatu mkopaji amelipa Sh. 2,304,000, na deni limeshuka kwa kiasi kisichofika Sh. 153,000. Kama mshahara wake usingepanda kamwe, angemaliza kulipa katika mwaka wa 48, yaani baada ya kustaafu.

Kutokana na jedwali hili tunajifunza kwamba makato madogo si lazima yawe nafuu. Penye tozo juu ya baki, makato madogo hulirefusha deni. Pasipo tozo, makato madogo humpa mkopaji nafasi ya kupumua bila kumwongezea jumla ya malipo. Kwa hiyo asilimia ya makato na asilimia ya tozo husomwa pamoja.

Yafaa pia tukumbuke kuwa suala la kumkata msomi sehemu ya mshahara wake si geni katika nchi yetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba kwa miezi 18 mhitimu angepokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Zaidi ya wanafunzi 300 walirudishwa makwao, na Rais Nyerere akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Makato yale hayakuwa marejesho ya mkopo, lakini kwa hesabu yanaweza kulinganishwa na ya leo. Kukatwa asilimia 60 kwa miezi 18 ni sawa na kutoa mishahara 0.6 × 18 = 10.8. Kukatwa asilimia 15 kwa miezi 100, kama mkopaji wetu, ni sawa na kutoa mishahara 0.15 × 100 = 15. Kwa jumla mzigo wa mkopaji wetu ni mkubwa zaidi, ijapokuwa kila mwezi huonekana mwepesi. Hata hivyo tusiharakishe kusema kuwa wa 1966 walilalamika bure, maana familia hula kila mwezi, wala haili jumla ya miaka minane. Mwenye kupima deni hana budi kutazama mambo mawili kwa pamoja: jumla ya malipo, na kile kinachobaki mkononi mwezi hata mwezi.

Swali la Tatu: Badala ya Nini?

Hadi hapa tumepima deni. Bado hatujapima gharama ya kusoma. Deni huandikwa katika karatasi, kwa hiyo huonekana. Mshahara ambao mtu angeupata kama asingekwenda kusoma hauandikwi popote, na kwa sababu hiyo watu wengi huusahau.

Tuchukue walimu wawili waliomaliza stashahada siku moja. Mwalimu A anaajiriwa mara moja kwa mshahara wa Sh. 600,000. Mwalimu B anakwenda kusoma shahada ya miaka mitatu kwa mkopo wa Sh. 12,000,000, kisha anaajiriwa kwa Sh. 800,000. Tuseme mishahara yote miwili haipandi.

Katika miaka mitatu ya masomo Mwalimu A anapata 600,000 × 36 = Sh. 21,600,000. Hicho ndicho Mwalimu B alichokikosa, na ni kikubwa karibu mara mbili ya deni lake.

Mwalimu B akianza kazi anakatwa Sh. 120,000 na kubaki na Sh. 680,000. Anamzidi A kwa Sh. 80,000 kwa mwezi. Kwa miezi 100 ya deni, ziada hiyo inafika Sh. 8,000,000. Zimebaki 21,600,000 − 8,000,000 = Sh. 13,600,000 za kufidia. Baada ya deni kwisha anamzidi A kwa Sh. 200,000 kwa mwezi, kwa hiyo anahitaji miezi 68 zaidi. Jumla ni miezi 168, yaani miaka 14 ya kazi. Ukiongeza mitatu ya masomo, Mwalimu B anamfikia mwenzake mwaka wa 17 tangu walipoachana.

Msomaji makini atatupinga hapa, na atakuwa na haki. Mwalimu A alitumia sehemu ya mshahara wake kwa chakula na pango, wakati Mwalimu B aliishi kwa mkopo. Tuseme nusu ya mkopo, Sh. 6,000,000, ilikwenda kwenye chakula na malazi. Basi pengo la kufidia ni Sh. 15,600,000. Tukirudia hesabu: 15,600,000 − 8,000,000 = 7,600,000; nazo zikigawanywa kwa 200,000 ni miezi 38. Jumla ni miezi 138, au miaka 11 na nusu ya kazi. Kwa upande mwingine, kodi ya mapato hutozwa kwa ngazi, na shilingi za juu hukatwa kwa kiwango kikubwa kuliko za chini. Kwa hiyo zile Sh. 200,000 za ziada hazifiki zote mkononi, na muda hurefuka tena. Jibu la kweli hupatikana kwa kurekebisha hivyo hatua kwa hatua, na kila rekebisho lionekane ubaoni.

Jambo linalogeuza hesabu hii kuliko deni lenyewe ni kusubiri ajira. Tuseme Mwalimu B anakaa miaka miwili baada ya shahada bila kazi, huku A akiendelea na kazi. Pengo linaongezeka kwa 600,000 × 24 = Sh. 14,400,000, na kuwa Sh. 36,000,000. Tukitoa zile 8,000,000 za kipindi cha deni, zinabaki 28,000,000, ambazo ni miezi 140. Jumla ni miezi 240, yaani miaka 20 ya kazi, au miaka 25 tangu mwanzo. Lakini tuseme aliyesubiri miaka miwili ni Mwalimu A mwenye stashahada, na B ameajiriwa mara tu alipomaliza shahada. Hapo A amemtangulia kwa mwaka mmoja tu wa mshahara, Sh. 7,200,000. B atazifidia kwa miezi 90, hata kabla deni lake halijakwisha.

Kwa hiyo mtu asiseme "shahada inalipa" au "shahada hailipi" bila kusema ni nani anayesubiri ajira, na kwa muda gani. Hapa Hisabati ina nafasi yake ya pekee. Kwa miaka mingi ufaulu wa somo hili katika mtihani wa Kidato cha Nne umekuwa chini ya nusu ya watahiniwa, na Serikali imetaja mara kwa mara upungufu wa walimu wa Hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Aidha, mwenye shahada ya Hisabati haishii katika ualimu tu: anaweza kutafuta kazi katika takwimu, bima, benki na mahesabu ya kodi. Hayo huongeza matumaini ya kuajiriwa, lakini hayaleti hakika, kwani upungufu wa walimu shuleni si sawa na nafasi za ajira zilizotengewa fedha.

Iko njia ya tatu ambayo walimu-wanafunzi wengi huisahau, nayo ni kusoma ukiwa kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Tuseme Mwalimu C anafanya kazi kwa Sh. 600,000 na kusoma kwa miaka sita, akilipa ada ya Sh. 6,000,000 kutoka mfukoni. Hiyo ni kama Sh. 83,000 kwa mwezi. Akimaliza na kupandishwa hadi Sh. 800,000, hana makato ya mkopo, na anaifidia ada yake kwa miezi 30. Jumla ni miaka 8 na nusu tangu mwanzo. Gharama yake haimo katika hesabu hii: ni usiku wa kusahihisha madaftari na kujisomea kwa taa moja, na ni kungoja kibali cha mwajiri cha kubadilishiwa daraja, kibali ambacho hakiji chenyewe. Hata hivyo tarakimu zaonyesha kwa nini mwalimu aliyekwisha kuajiriwa asiiache kazi kabla ya kuipima njia hii.

Wastani na Mtu Mmoja

Mwaka 2020 taasisi ya Uingereza iitwayo Institute for Fiscal Studies ilitoa ripoti kuhusu faida ya shahada katika maisha yote ya kazi. Iliona kuwa kwa wastani wahitimu hunufaika, hata baada ya kuondoa kodi na marejesho ya mkopo. Lakini iliona pia kuwa takriban mmoja kati ya watano angekuwa na hali bora ya fedha kama asingekwenda chuo kikuu. Tarakimu hizo ni za huko, wala haziwezi kuhamishiwa kwetu. Funzo lake ndilo linalotuhusu: wastani mzuri unaweza kuwaficha wengi waliopata hasara. Tunapomshauri kijana mmoja, hatuushauri wastani. Tumwekee mbele mifano mitatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kwa kadiri, na yakienda vibaya. Kisha tumwulize kama ataweza kuustahimili ule wa tatu.

Namna ya Kufundisha Darasani

Mada hii yafaa baada ya wanafunzi kujua kutafuta asilimia ya kiasi. Vipindi viwili vyatosha.

Hatua ya kwanza. Anza na jambo wanalolijua. Mtu amekopa Sh. 60,000 katika kikundi cha kuweka na kukopa, na hulipa asilimia 10 ya mauzo yake ya mwezi. Mauzo ni Sh. 50,000. Waulize: atalipa ngapi kwa mwezi? Watakaojibu Sh. 6,000 wamechukua asilimia ya deni. Usiwakemee. Andika majibu yote mawili ubaoni, 6,000 na 5,000, na uwaache wabishane mpaka mmoja wao aseme neno "ya mauzo".

Hatua ya pili. Waandike katika kila sentensi yenye asilimia maneno "asilimia … ya …", na wapige mstari chini ya kile kinachofuata "ya". Zoezi hili dogo huondoa makosa mengi.

Hatua ya tatu. Weka jedwali la deni lenye safu nne: deni, tozo, malipo, baki. Makundi mawili yajaze jedwali la miaka mitatu, kundi moja bila tozo na jingine lenye tozo. Yalinganishe majibu.

Hatua ya nne. Leta walimu A na B. Wanafunzi wachache sana watataja wenyewe mshahara uliokosekana. Waulize: "A alikuwa akifanya nini wakati B anasoma?" Kisha ngoja. Jibu likitoka kwao halitasahaulika.

Tahadhari moja ni muhimu. Mwalimu asiwaulize watoto kuhusu madeni ya nyumbani kwao, wala asitumie mfano wa mzazi au mwalimu anayejulikana kijijini. Mtoto akiona aibu, hesabu imekwisha. Vilevile somo lisigeuzwe kuwa hotuba ya kuwatisha watoto waogope chuo kikuu. Tunawafundisha kupima. Uamuzi ni wao, siku yao ikifika.

Mazoezi kwa Walimu-wanafunzi

1. Mkopaji ana deni la Sh. 9,000,000 na mshahara wa msingi wa Sh. 750,000. Tafuta makato ya mwezi kwa kiwango cha asilimia 15, na idadi ya miezi ya kulipa.

2. Katika mfano wa makala, tafuta muda wa kulipa deni kwa makato ya asilimia 8 pasipo tozo yoyote. Linganisha na mwaka wa 48 uliotajwa. Eleza kwa maneno kilichosababisha tofauti hiyo.

3. Rudia hesabu ya walimu A na B ikiwa mshahara wa B ni Sh. 700,000. Je, baada ya kukatwa anabaki na zaidi au pungufu ya A? Yajadili majibu yako na mwenzako.

4. Andaa andalio la somo la kipindi kimoja, ambamo neno "ya nini" ndilo shabaha kuu.

Zoezi la tatu lipewe muda wa kutosha. Atakayelifanya ataona kuwa B, baada ya kukatwa Sh. 105,000, anabaki na Sh. 595,000: kila mwezi anapungukiwa Sh. 5,000 na mwenzake asiyesoma, mpaka deni liishe. Hilo halina maana kuwa alikosea kusoma. Lina maana kuwa ziada ya mshahara isipozidi makato, faida yote ya shahada inaahirishwa hadi mwisho wa deni.

Hitimisho

Tumetumia hesabu za shule ya msingi, na tumeona kuwa deni linaloogopwa mara nyingi silo gharama kubwa kuliko zote. Miaka isiyo na mshahara huweza kuzidi deni, na kusubiri ajira huweza kuzidi vyote viwili. Tumeona pia kuwa asilimia isiyotajwa "ya nini" na "kwa muda gani" haimsaidii mtu kuamua.

Zipo sababu za kusoma Hisabati ambazo haziingii katika jedwali: kulipenda somo, na kuzihurumia shule ambazo watoto hupita kidato hata kidato bila mwalimu wa somo hilo. Sababu hizo ni za haki, na pengine ndizo zitakazomwezesha mtu kustahimili miezi 100 ya makato. Lakini mwalimu anayezitanguliza na azitangulize akiwa anajua bei yake kwa shilingi na kwa miezi. Tunawasihi walimu-wanafunzi waketi na karatasi, waandike tarakimu zao wenyewe, na wafanye hesabu hii kabla ya kutia sahihi fomu yoyote.